Wiki ya kushtuka kwa hiari: shajara ya kumbi za London

Jumapili

Ndege imetua Heathrow asubuhi, baridi ya Novemba ikanipokea mlangoni, na mama mdogo akanipokea na koti la mumewe mkononi. "Vaa kwanza, mwanangu. Salamu tutapeana kwenye treni."

Nimekuja kumsalimu, ila anajua nina shida yangu nyingine. Nafundisha sanaa za maonyesho sekondari, Morogoro, na kila mwaka nawasimulia wanafunzi habari za tamthilia kubwa za muziki za London kwa kutumia picha na vipande vya video. Kila mwaka wananibana kwa swali lilelile: mwalimu, kama watu wote wanajua ile taa kubwa ya The Phantom of the Opera itaanguka, mbona bado wanapiga kelele? Huwa nawajibu jibu refu lisilo na kichwa wala miguu. Safari hii nataka kukaa katikati ya hao wapiga kelele niwaone.

Jioni tukapita Leicester Square kwenye kibanda cha TKTS, kule zinakouzwa tiketi za punguzo. Mama mdogo ameishi mji huu miaka mingi na hajawahi kuingia ukumbi hata mmoja. Alisoma bei kwenye ubao, akanigeukia. "Pesa yote hii kwenda kukaa kimya? Mie wa Tanga, bwana. Nimetuza taarabu mpaka nikakosa nauli ya kurudi nyumbani."

Nikamnunulia ya Jumanne bila kumwuliza.

Jumatatu

Ukumbi wa His Majesty's uko mtaa wa Haymarket. Ulifunguliwa 1897, na jina lake hufuata aliyekalia kiti cha enzi: hadi 2023 uliitwa Her Majesty's, baada ya hapo mabango yakabadilishwa. The Phantom of the Opera imekuwa humo tangu Oktoba 1986. Korona iliifunga mwaka 2020, ikarudi Julai 2021. Nilipata siti ya ghorofa ya juu, pembeni, nyuma ya kichwa cha baba mmoja mrefu, na baba huyo ndiye aliyenifundisha zaidi ya waigizaji wote.

Mambo yanaanza kwa mnada. Jukwaa limejaa vumbi, dalali anauza masalia ya jumba la opera la Paris, watu wachache wamesimama wamepoa. Chini kuna kitu kikubwa kimefunikwa. Dalali anaeleza kwamba hiyo ni taa ya vioo iliyohusika katika maafa ya zamani, kwamba imefungwa umeme sasa, ebu tuione. Mwanga unalipuka, kinanda kinanguruma mpaka kiti kinatetemeka, vitambaa vinafyatuka, na taa inaanza kupanda. Inakuja kwetu. Inapita juu ya vichwa vya watu wa chini, inapaa mpaka karibu na dari, inatulia huko.

Hapo yule baba mrefu akainua shingo kuiangalia. Dakika kumi baadaye akaiangalia tena. Wimbo wa mapenzi unaendelea, yeye macho juu. Kumbe waandaaji wametutangazia janga mapema, kisha wakaliacha lining'inie juu yetu muda wote wa sehemu ya kwanza. Taa ilipoachiwa, mwisho kabisa kabla ya mapumziko, haikudondoka wima. Iliteleza kwa pembe kutoka juu yetu hadi jukwaani, miguuni mwa Christine, mwimbaji ambaye mtu wa barakoa, aliyejificha ndani ya jumba hilo la opera, anamtaka kwa nguvu. Ukumbi mzima ukapiga ukelele wa watu waliokuwa wameubana kooni zaidi ya saa nzima. Yule baba alipiga kuliko wote.

Tukio lenyewe lina asili ya kweli. Mwaka 1896, katika jumba la opera la Palais Garnier huko Paris, moja ya vyuma vizito vinavyosawazisha taa kuu liliporomoka katikati ya onyesho, mwanamke mmoja akafa. Gaston Leroux akalichukua, akalitia kwenye riwaya yake ya 1910, na taa ikawa ndiyo inayoanguka.

Mimi lakini nilishikwa na jambo dogo. Mwisho wa hadithi yule mtu wa barakoa anakaa kwenye kiti chake, anajifunika joho gubigubi. Watu wanaomsaka wanakaribia. Binti mmoja anatangulia, anavuta joho: kiti kitupu, barakoa nyeupe tu. Hakuna moshi, hakuna mlio. Najua kwa nadharia jinsi kiti cha namna hiyo kinavyotengenezwa, nimeshawachorea wanafunzi ubaoni. Nilikodoa macho nimwone anavyotoka. Sikuona kitu.

Jumanne

Lyceum, hatua chache kutoka Covent Garden. The Lion King iko hapa tangu Oktoba 1999, miaka miwili baada ya kuanza New York. Mama mdogo alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya kutunza wazee, miguu inamuuma, akanionya kwamba akisinzia nisimwamshe.

Tulipata siti za chini, za ukingoni kwenye njia. Wakati huo sikujua kwamba ndiyo bahati kubwa ya wiki.

Mhusika aitwaye Rafiki anatoka peke yake, mwanamke mwenye rangi usoni, mganga, anaita kwa Kizulu. Sauti ni kavu, ya kupasua. Anaitikiwa. Ila anayeitikia hayuko jukwaani, yuko juu pembeni yetu. Na mwingine upande wa pili. Watu wote walio chini wanaanza kugeuza shingo kama mashabiki wa tenisi, na wakati wanageuka, ndipo vitu vinapoingia upande wasiouangalia. Hilo ndilo lililonifanya nitoe daftari gizani: kila ukigeuka unakuta umechelewa.

Jua linapanda, limetengenezwa kwa vipande vyembamba vya kitambaa, kwa hiyo linapopanda linatetemeka kama jua la kweli la mbugani saa kumi na mbili na nusu. Twiga wawili wanakatiza mbele yake. Kila twiga ni mtu mmoja, magongo miguuni na magongo mikononi, shingo ndefu imesimama kichwani kwake. Uso wake unauona. Jasho unaliona. Mama mdogo akanishika mkono. "Huyo mtu mbona namwona kabisa? Na mbona ni twiga?"

Kabla sijamjibu, tembo akatupita. Nasema akatupita: kutoka nyuma ya ukumbi, kwenye njia yetu, mtu mmoja katika kila mguu, sikio lake likatugusa begani. Mama mdogo alijivuta ndani ya kiti na kusema "Bismillahi" kwa sauti iliyosikika safu tatu. Hakuna aliyemkataza. Mzungu wa mbele yetu alikuwa analia.

Julie Taymor, aliyeliongoza onyesho na kubuni mavazi, aliwahi kuishi Indonesia miaka kadhaa akijifunza vinyago na vikaragosi vya huko. Kwa kazi hii akawa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony ya Marekani ya kuongoza tamthilia ya muziki, 1998. Uamuzi wake mkubwa ni kutoficha. Kinyago cha Mufasa, mfalme wa simba, hakifuniki uso wa mwigizaji, kinakaa juu ya kichwa, na anapokasirika kinashuka mbele ya uso wake, kisha kinarudi. Duma amefungwa kwa kamba kwenye kichwa cha anayemchezesha, akigeuka duma anageuka. Nikakumbuka mapiko ya Wamakonde, ambako sheria ni kinyume chake kabisa: aliye ndani ya kinyago hajulikani, asiyepitia jandoni hatakiwi hata kuuliza, na hofu yote inatokana na kutojua. Huku unaonyeshwa mtu, kinyago na kamba, kisha unaambiwa haya, usiamini kama unaweza. Sikuweza.

Nieleze nyumbu, kwa sababu wanafunzi wangu hawanielewi nikieleza kwa mikono. Mtoto Simba yuko bondeni. Nyuma kabisa, mbali, kuna turubai inayozunguka kwenye magogo, imejaa nyumbu wadogo sana, na inapozunguka wanashuka mlimani bila kwisha. Mbele yake magogo mengine, yana nyumbu wakubwa kidogo. Mbele tena, wakubwa zaidi. Halafu ghafla wachezaji wenyewe, vinyago vya nyumbu mwilini, wanapiga miguu usawa wa mtoto. Ngoma ziko pembeni mwa ukumbi, kushoto na kulia, kwa hiyo kundi unalisikia ubavuni kabla halijafika. Hakuna kompyuta hapo. Ni hesabu ya ukubwa na umbali tu, seremala wa Mang'ula anaweza kuitengeneza akipewa mbao na muda.

Baada ya mfalme kufa, simba majike wanajitokeza kuomboleza na wanavuta utepe mweupe kutoka machoni mwa vinyago. Machozi hayo. Na ukame unaonyeshwa kwa kitambaa cha buluu, duara, dimbwi la maji, kinachovutwa taratibu kupitia tundu la sakafuni mpaka kinakwisha. Nilitazama tundu lile hata baada ya onyesho kuendelea.

Mama mdogo hakusinzia. Alicheka peke yake kila fisi alipoitwa Shenzi, watu wanamwangalia kwa nini. Mwishoni waigizaji walipotoka kuinama, akasimama, akafungua pochi, akatoa noti ya pauni kumi, akaikunja vizuri. "Huyu bibi wa mwanzo nampelekea wapi?" Nikamweleza kwamba hapa hawatuzi. "Kaimba vile, halafu asituzwe?" Akaanza kuteremka. Kijana wa ukumbini akamzuia kwa adabu, wakaongea, sikusikia. Alirudi na noti yake, amenuna. Kwenye treni akaniambia, "Wanakupa raha halafu wanakunyima pa kuitolea."

Jumatano

Wicked, onyesho la mchana, Apollo Victoria karibu na stesheni. Jengo lilijengwa 1930 likiwa sinema, na hapo ndipo ilipokuwa ile tamthilia ya treni, Starlight Express, 1984 hadi 2002, waigizaji wakiteleza kwa viatu vya magurudumu kwenye njia zilizowazunguka watazamaji. Ningetoa mshahara wa mwezi kuiona ile. Wicked iliingia 2006.

Nimezungukwa na mabinti wa shule waliojipaka kijani usoni. Wanajua kila neno. Hadithi ni ya mchawi wa kijani kabla hajawa mchawi wa kuogopwa, na wote tumekuja kwa ajili ya dakika tano za mwisho wa sehemu ya kwanza, atakapopaa. Anapaa kweli: anarudi nyuma gizani na fagio lake, taa zinatupiga machoni, na tukiona tena yuko juu, joho jeusi limetanda hadi chini, anaimba noti ya mwisho kutoka huko. Hakuna waya. Amesimama kwenye mkono wa lifti uliofichwa chini ya joho, na zile taa zinazotuumiza macho kazi yake ndiyo hiyo, tusiuone. Lifti ikigoma, wana mpango wa akiba: wenzake wote wanajitupa chini sakafuni, na yeye anabaki amesimama peke yake juu yao. Huo wa akiba ndio ninaoutaka kwa shule yangu.

Pazia lilipofunga, mabinti walikuwa wanalia na kuruka. Dakika mbili baadaye wako kwenye foleni ya aiskrimu, vile vikopo vidogo vyenye kijiko ndani ya kifuniko, bado wanatetemeka, wanarudia noti ileile. Mtunzi mjanja huweka pigo kubwa kabla ya mapumziko ili watu wakalisambaze wenyewe. Sehemu ya pili sikuipenda sana, nilikuwa naisubiri iishe.

Alhamisi

Mvua. Les Misérables, ukumbi wa Sondheim, mtaa wa Shaftesbury Avenue. Ilianza ukumbi wa Barbican Oktoba 1985, magazeti mengi yakaiponda, watu wakafurika kununua tiketi kabla wino haujakauka. Niseme na hili, maana limenikera hata kwenye mitihani ya wanafunzi: mapigano yaliyomo humo si mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Ni uasi wa Juni 1832 mjini Paris, ulizimwa kwa siku mbili.

Nilikuja na kinyongo. Onyesho la zamani lilikuwa na jukwaa linalozunguka, kazi ya John Napier: boma la viti, meza na magurudumu, wanafunzi waasi wanapigana upande wetu, kisha boma zima linageuka na unawaona wamelala wafu upande wa pili, kimya, wamening'inia juu ya mbao. Tangu 2019 wameliondoa jukwaa hilo, wameleta picha za mwanga zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe, mwandishi wa riwaya. Nzuri. Lakini kugeuka kule ndiko kulikokuwa kunaua watu, nami nilikulia kwenye picha zake.

Kinyongo kilinitoka kwenye wimbo wa kufunga sehemu ya kwanza. Kila mhusika ana wimbo wake tuliokwisha kuusikia, na sasa wanauimba kwa wakati mmoja, mapenzi juu ya hasira juu ya ulaghai wa yule mwenye nyumba ya wageni. Mfungwa Valjean anatangulia, mmoja mmoja anaongezeka. Nyuma wanajipanga pembetatu, bendera nyekundu, na wanatembea. Ukitazama miguu hawaendi popote, hatua mbele, hatua nyuma, palepale. Jukwaa halizunguki wala hakuna kinachoshuka kutoka darini. Bibi wa kando yangu, umri wa mama yangu, alikuwa amekunja ngumi na anapiga goti lake kwa mdundo, na nilipotazama mkono wangu nilikuta na mimi nafanya hivyohivyo.

Ijumaa

Leo nilipanga kupumzika. Mhudumu wa kibanda cha tiketi akanishawishi kwa siti ya Operation Mincemeat katika ukumbi mdogo wa Fortune, mtaa wa Russell, ukumbi wa 1924 wenye siti mia nne na ushee. Sikujua lolote kuihusu.

Waigizaji watano. Wanafanya wahusika wote, wanabadilisha kofia mbele yako, wanawake wanacheza majenerali, wanaume wanacheza makatibu. Kisa ni cha kweli: mwaka 1943 majasusi wa Uingereza waliuvalisha mwili wa maskini mmoja wa Wales, Glyndwr Michael, sare ya ofisa wa kikosi cha majini, wakampa jina la Meja William Martin, wakamwacha baharini karibu na Huelva, Hispania, na barua za uongo, ili Wajerumani waamini mashambulizi yatakuja Ugiriki na Sardinia badala ya Sicily. Ukumbi unacheka mpaka unachoka. Sehemu ya pili inafunguliwa na maofisa wa Kinazi wakicheza kama bendi ya vijana wa pop. Nilicheka kwa aibu.

Ila lililonipata lilikuwa kabla ya hapo. Maiti anahitaji barua ya mchumba mfukoni, ili aaminike. Wakubwa wanabishana jinsi ya kuiandika, wanatunga upuuzi. Hester, katibu mzee wa ofisi, anajitolea. Mwigizaji ni mwanamume wa umri wa kati, hana wigi, hana hereni. Amebana magoti, amenyoosha mgongo, mikono imekaa mbele ya tumbo. Basi. Dakika chache kabla alikuwa mtu mwingine kabisa na tulimcheka. Anaanza kuimba barua kwa mpenzi aliye vitani, habari ndogondogo za bustani na za nyumbani, jikaze, rudi. Katikati unaelewa kwamba haitungi. Aliwahi kuiandika, kwa mtu wa kweli, katika vita iliyotangulia.

Mtu wa nyuma yangu alikuwa na pakiti ya pipi, aliishikilia bila kuigusa. Hakuna taa iliyobadilika ila moja. Kwa wiki nzima nilikuwa naandika mashine: lifti, magogo, taa inayoteleza. Hapa sikuandika kitu, nilipofungua daftari baadaye nilikuta nimechora mikono ya Hester.

Hester alikuwepo kweli, alifanya kazi ofisini humo, na mashabiki wa tamthilia hii walijipa kazi ya kuchimba nyaraka mpaka wakamtoa kwenye kusahaulika. Mwishoni kabisa, baada ya vifijo na mapambo, waigizaji wanatulia na kumtaja yule maskini wa Wales kwa jina lake. Siwezi kusema nilitarajia.

Usiku nilimpigia mwalimu mwenzangu Morogoro, nikamwambia nimepata jibu la wale watoto, au nusu yake. Akaniuliza lipi. Nikamwambia kinachojulikana kinahitaji mtu aonyeshwe mapema na asubirishwe, kisichojulikana kinahitaji mtu achekeshwe kwanza ili asijilinde. Akasema, "Andika hiyo kwenye mpango wa somo," akakata, kwake ilikuwa saa nane usiku.

Jumamosi

Matilda, ukumbi wa Cambridge, tangu 2011. Mchana, watoto kila siti. Mwalimu mkuu katili huchezwa na mwanamume tangu mwanzo, na anamshika msichana kwa nywele za pembeni, anamzungusha, anamrusha. Sekunde kadhaa baadaye msichana anadondoka kutoka juu. Watoto walikuwa wamesimama juu ya viti.

Ufundi wa kweli lakini ni ule wimbo wa wanafunzi wakubwa wanaowatisha wadogo getini. Unausikiliza wote bila kugundua kitu, kisha wanaurudia huku wakichomeka matofali ya herufi kwenye geti, na unasikia kwamba alfabeti nzima ya Kiingereza, A mpaka mwisho, ilikuwa imefichwa ndani ya maneno tangu mwanzo. Mvulana wa mbele yangu akamgeukia mama yake kwa hasira: kwa nini hakumwambia!

Bembea zikaja baadaye. Watoto wanabembea wakiimba watakayofanya wakiwa wakubwa, kisha wakubwa wanazichukua, wamelala kifudifudi juu yake, wanakuja moja kwa moja juu ya safu za mbele. Watoto wakashangilia. Wazazi ndio waliotoa leso.

Nje nilimkuta mama mdogo ananisubiri, ametoka zamu mapema. Amekwisha kuongea na wenzake wa kikoba, wanawake sita, wote wa pwani, wanataka simba wa Jumapili ijayo mchana. Tukaenda dirishani pale Lyceum. Binti wa tiketi akamwonyesha siti za katikati, kwamba ndizo zinazoona vizuri.

"Hapana, mwanangu," mama mdogo akamjibu kwa Kiingereza chake cha Tanga, kidole kwenye ramani ya ukumbi. "Nataka hizi za njiani. Zote sita. Tembo anapita hapa."